Bibi Chausiku yuko hai, jamani

Wamama wameshatandika mikeka uani, wanalia, kumbe Bibi Chausiku mwenyewe yupo jikoni anakaanga samaki.

Kosa ni langu.

Kuna tuzo ya mkoa, ya watu waliotunza hadithi na historia. Wanatafuta majina. Nikasema hapa Temeke kama siyo Bibi yetu, nani tena? Sie wote tumekulia kibarazani kwake, tukisikiliza hadithi.

Ila wanataka na majirani wamuelezee. Mie kuongea na watu naonaga aibu, mnanijua. Nikapita nyumba kwa nyumba, macho chini, sauti ya chini: "Samahani mama, naomba useme jema lolote la Bibi Chausiku."

Wakajua msiba 😭

Bibi katoka na mwiko. "Nani kaniua?"

"Shikamoo Bibi."

"Marahaba. Hujanijibu."

Nikamueleza. Kacheka mpaka kakaa chini. "Haya, si mmekuja kunililia? Semeni basi, nisikie mwenyewe."

Nikawasha simu, nikarekodi. Mama Juma, ambaye huwa hawasalimiani na Bibi, ndo kaanza: "Mwanangu alikuwa haongei na mtu. Hadithi za huyu ndo zilimfungua mdomo."

Bibi kakazana kufuta mwiko kwenye khanga.

Nyie mliohama mtaa, tumeni sauti zenu hapa chini, sasa hivi.

Mie naondoka. Bodaboda anapiga honi, ofisi ipo Mikocheni na leo ndo mwisho wa kupokea majina. Na nikifika naongea kwa sauti, wasije na wao wakatoa pole.