Kila Saa Nane

Dada yangu mtaani wanamwita Sista, ingawa mafunzo ya uuguzi hakuyamaliza. Alisoma mwaka mmoja na nusu, akaolewa na mwanamume aliyemvunja mkono wa kushoto mara mbili, mahali palepale. Mara ya tatu mume alipomfuata jikoni, dada alimmwagia sufuria nzima ya maji ya moto miguuni, akafunga nguo zake kwenye shuka, akaondoka. Tangu hapo anauza dawa katika duka linalopakana na bucha, na mimi nashona viatu barazani pa duka hilo. Kwa hiyo haya nimeyaona mwenyewe.

Mtaa wetu ni wa wapasua mbao, wachukuzi na wauza nyama. Hapa watu hupigana kwanza, halafu ndipo huulizana kulikuwa na nini. Wakishaulizana, huja dirishani kwa Sista.

"Sista, pua haiachi kutoka damu."

"Umeinua kichwa juu kama unahesabu ndege, itaachaje? Inamisha mbele. Bana hapa, kwenye nyama laini, dakika kumi. Usichungulie kila saa. Na aliyekupiga yuko wapi?"

"Nyuma yangu kwenye foleni. Nimemng'ata kidole."

"Wewe wa nyuma, nenda bombani, osha hicho kidole kwa sabuni mpaka uchoke, kisha zahanati leo hii. Mdomo wa mtu ni mchafu kuliko kisu."

Wanawake nao walikuja na macho yaliyovimba, wakisema wamegonga mlango. Sista aliwapa kitambaa chenye barafu na kuwaambia kwamba wakitapika au wakiona vitu viwili viwili wasikae nyumbani. Kisha aliwauliza kwa sauti ya chini, "Huo mlango umevaa pete kidole gani?" Wengine walicheka. Wengine walilia pale pale, na mimi nikajifanya natafuta sindano.

Kwenye bucha ya jirani alikuwa akifanya kazi mpasua nyama mmoja tuliyemwita Mifupa. Alikuwa na shoka fupi na mkono ambao haukurudia pigo mara mbili. Siku moja nyumbani kwake alimrushia mkewe kigoda. Mke akainama, kigoda kikampata mama yake Mifupa kwenye muundi wa mguu, kikachana nyama mpaka mfupa ukaonekana. Zahanati walimshona yule mama na kumwandikia dawa ya kuua wadudu wa kidonda, na dawa yenyewe akaja kuichukua dirishani kwetu, akiwa ameegemea bega la mwanawe.

Sista alihesabu vidonge kumi na vitano, vya siku tano, akavitia kwenye bahasha na kuandika moja mara tatu. Yule mama hasomi, wala mwanawe. Ndipo Sista akamwambia, "Mama, kimoja kila saa nane. Usiruke hata siku moja."

"Kila saa nane," mama akaitikia. "Nimesikia, mwanangu."

Siku ya sita, baada ya adhana ya mchana, nilikuwa nimeingia ndani kwa dada mlango wa pembeni wa duka ulipopigwa teke hata komeo likaruka likanipita sikioni. Mifupa aliingia na aproni yake ya damu. Alimkamata dada shingoni, akamgonga kichwa kwenye rafu, mara moja, mara mbili. Chupa za dawa ya kikohozi zikaanguka na kupasuka, na ile dawa nyekundu ikachanganyika na damu sakafuni hata sikujua ipi ni ipi.

"Mama yangu anaoza!" alinguruma. "Mguu unanuka kama utumbo wa juzi! Umempa chokaa, mwizi wewe!"

Mimi si mtu wa ugomvi. Hata mteja akinipunja nanyamaza. Lakini nilichukua chuma changu cha kuvalishia viatu ninapovigonga misumari, nikampiga nacho begani kwa nguvu zangu zote. Hakugeuza hata uso. Aligeuza kiwiko tu, nikajikuta nimekaa chini, jino liko mkononi.

Dada uso ulikuwa unabadilika rangi. Alikuwa akivuta vidole vya Mifupa kimoja kimoja, akajipatia pumzi kidogo, nayo akaitumia kuuliza swali.

"Anameza... saa ngapi?"

"Saa nane! Si ndivyo ulivyosema?"

"Na kingine?"

"Kingine kipi? Kila siku saa nane mchana naacha nyama kwenye gogo, nakimbia nyumbani namsimamia mpaka ameze! Sijakosa hata siku moja!"

Alitoa bahasha mfukoni akaipiga kwenye meza. Vidonge vilitawanyika. Vilikuwa kumi. Siku hiyo havikutakiwa kubaki hata kimoja.

Dada aliviangalia. Angeweza kusema mama hakusikiliza vizuri, au kwamba bahasha imeandikwa. Mimi ningesema hivyo.

"Kosa ni langu," alisema. "Nilitaka kusema kila zikipita saa nane. Alfajiri, mchana na usiku. Ninyi mmefuata nilivyotamka."

Mifupa alimtazama kama mtu aliyeambiwa jambo kwa lugha ya kigeni. Kisha akampiga kofi lililomfunga jicho la kulia, na mkono ukabaki hewani, haujui uende wapi tena.

"Umemaliza?" dada akauliza, akitema damu. "Haya. Vidole vya mguu wake vina rangi gani?"

"Vi... vya bluu. Viwili."

"Leta mkokoteni wa bucha."

Tulimkuta yule mama amelala kwenye mkeka, mkwewe akimpepea. Harufu ilitupokea mlangoni. Mguu ulikuwa umevimba, unang'aa, na nyuzi zimezama ndani ya nyama. Sista hakukigusa kidonda. Aliuwekea mguu mto chini yake, akamwambia mke wa Mifupa achukue nguo za kubadilisha, nasi tukamsukuma mama mpaka hospitali juu ya mkokoteni wa kubebea ng'ombe waliochinjwa. Kila gurudumu lilipoingia shimoni, mama alimtukana mwanawe.

Daktari alimwingiza chumba cha upasuaji, akakata nyama iliyooza, akamwekea dawa ya mshipani. Alipotoka alisema wazi, "Kesho asubuhi nitavijaribu vidole vyote. Kama vyote vimekufa, tunakata chini ya goti."

Mifupa alikaa kwenye benchi akipiga kichwa ukutani, taratibu, kama anayepigilia msumari. Dada alikwenda kituo cha polisi na jicho lake lile lile, akarudi na askari wawili.

"Sista!" Mifupa akasema. "Si umekiri kosa mwenyewe?"

"Nimekiri. Hata kwa mwenye duka nimekwenda kukiri, na akinifukuza nitaondoka. Langu nimelibeba, jirani. Na wewe nenda kabebe lako."

"Na mama atabaki na nani?"

"Na mkeo, na mimi. Ila sasa nikishamwelekeza, atakayesema dawa inamezwaje ni mama mwenyewe, mimi nitasikiliza."

Pingu hazikumtosha vizuri. Walimfunga kwa zile za miguu.

Asubuhi tulikuwa watatu kando ya kitanda. Daktari alifunua shuka, akachukua sindano, akachoma kidole kidogo cha mguu. Mama alikuwa akitazama dari. Akachoma cha pili. Macho yake hayakutoka darini. Mke wa Mifupa akaanza kulia. Daktari alishuka akachoma unyayo, kisha akarudi kwenye kidole gumba, akasukuma sindano ndani zaidi.

Mama aliinuka nusu kitandani akamzaba daktari kofi ambalo wagonjwa wa mwisho wa wodi waligeukia.

"Mbwa wewe! Nimekukosea nini?"

Kalamu iliyokuwa mfukoni mwa daktari ilikuwa imeruka mpaka chini ya kitanda cha pili. Alijishika shavu, akainama kuitafuta, akainuka akiwa anacheka.

"Viwili vidogo vitakwenda," alisema. "Mguu unabaki."

"Mchome tena," Sista akamwambia, jicho moja likitiririka machozi, lile lingine bado limefungwa. "Mchome tena, daktari, nimsikie akitukana."