Mwenyekiti Tuliyemnyima Posho

Siku moja siisahau, mwanangu, na kila nikisikia neno posho naikumbuka upya. Kijiji kilikuwa kwenye mkutano mkuu mbele ya ghala la pamba, jua la saa nne limeanza kuuma visogo. Nilikuwa na miaka ishirini na miwili, nimerudi wiki ile ile kutoka kwenye mashimo ya wachimbaji wadogo upande wa Bulyanhulu. Nilikuwa nimevaa koti la ngozi. Kwa joto lile lilikuwa ujinga mtupu, ila sikulivua kwa sababu wasichana walikuwa wanalitazama. Cheka tu, hata mimi najicheka.

Ajenda ya tatu ilikuwa posho ya mwenyekiti wa kijiji. Mzee Mabula tulimchagua kwa kura zetu wenyewe, na ule ulikuwa mwaka wake wa nne bila kulipwa chochote. Usimchanganye na mtendaji. Mtendaji ameajiriwa, mshahara wake unamfikia kila mwezi. Mwenyekiti alikuwa na muhuri, kiti cha mbao na shukrani zetu, tena shukrani zenyewe zilikuwa chache. Mjumbe mmoja akapendekeza apewe kiasi kidogo kila mwezi kutoka kwenye ushuru wa mazao. Mabula mwenyewe hakuomba. Aliinama akawa anakwaruza meza kwa ukucha, kama vile habari zile zinamhusu mtu mwingine.

Nikasimama, na hakuna aliyenituma.

"Ndugu zangu," nikasema, "hivi kugonga muhuri nako ni kazi? Mimi nashinda chini ya ardhi natafuta mawe. Huyu anakaa kivulini, anagonga, anapuliza wino ukauke, kamaliza! Akitaka kulipwa, aje machimboni nimpe sururu."

Watu walicheka mpaka wengine wakashikana mabega. Pendekezo likafia palepale, hata kura haikupigwa. Nilirudi kukaa nikijiona waziri. Mzee Mabula naye alicheka kidogo, kwa adabu, halafu akasoma ajenda ya nne. Kicheko kile cha adabu ndicho kinachoniuma mpaka leo.

Sikujua kazi yake, mwanangu, na sikutaka kuijua. Ng'ombe wakiingia kwenye mtama wa mtu, anaitwa Mabula. Ndugu wakigombea mpaka, wanaamkia kwake, na hawaondoki kabla ya saa tisa alasiri. Vitongoji vyote alivizungukia kwa baiskeli yake, na mipira ya magurudumu akinunua mwenyewe. Walalamikaji, walalamikiwa na mashahidi wote walikula kwake, michembe, yaani viazi vitamu vilivyokaushwa, na karanga, maana kwetu mtu hatoki nyumbani kwa mtu na njaa. Shamba lake likawa linalimwa na mkewe peke yake.

Baada ya mkutano ule mambo yalibadilika polepole. Kwanza ikaja hela ya wino. Ukitaka barua ya utambulisho, unaweka kitu mezani, kidogo tu, nasi tukalipa huku tunanung'unika. Kisha akaja mfanyabiashara kutoka Katoro, anatafuta mahali pa kuweka karasha, ile mashine ya kusaga mawe ya dhahabu. Akapapenda pale kwenye njia ya kwenda lamboni, ambapo kijiji kizima kilinyweshea ng'ombe. Barua ya kumpa eneo lile ilitoka bila mkutano wowote, na muhuri wa Mabula ulikuwa chini yake. Kabla hatujajua sawasawa kuna nini, seng'enge ilikuwa imeshafungwa. Mama yangu, mjane mwenye ng'ombe kumi na mmoja, akawa anawaswaga mwendo wa saa mbili kutafuta maji.

Unaweza kufikiria nilivyokasirika. Nilikwenda kwa Mabula asubuhi, natembea huku narusha mikono, maneno yote nimeyapanga kichwani. Sikumkuta. Nilimkuta mkewe, Mama Minza, anapalilia mahindi pembeni ya nyumba.

"Shikamoo."

"Marahaba. Umekuja kumtukana? Hayupo. Nitukane mimi."

Nikasema mumewe ametuuza. Hakubisha. Aliegemea mpini wa jembe, na hapo nikaiona mikono yake, imepasuka mpaka kwenye vifundo. Tulikuwa tunaongea Kisukuma, lakini maneno yenyewe ni haya.

"Nilimwambia asiipokee ile hela ya mwenye karasha," alisema. "Akaniambia binti yetu Minza amerudishwa kutoka shule kwa kukosa ada. Nikanyamaza. Kosa ni lake, na langu limo. Sasa nikuulize wewe wa machimboni. Yule anayekaa juu ya shimo ameshika kamba, anachimba?"

"Hachimbi."

"Mkigawana mifuko ya mawe, mnampa?"

"Tunampa fungu lake."

"Kwa nini, na hachimbi?"

Nilijua jibu, kila mchimbaji analijua. Tuliwahi kukaribia kupigana kwa sababu tajiri wa shimo alitaka kupunguza mfuko mmoja wa mshika kamba, na mimi ndiye niliyekuwa mbele kumtetea. Mtu mwenye njaa hatukutaka ashike kamba yetu. Nikamwambia hivyo Mama Minza, kwa sauti ndogo.

"Kumbe unajua," akasema. "Siku ile mkutanoni ulichekesha watu, na mimi nililima. Miaka minne kijiji hiki kimelipiwa na mikono hii, na hakuna aliyeniuliza kama nimekubali."

Akaendelea kupalilia. Nilisimama pale na koti langu la ngozi, sina pa kuiweka mikono. Nikamwambia samahani. Akaniambia samahani haipalilii, kuna jembe lingine ukutani. Nikalivua koti nikalima naye mpaka mchana.

Ingekuwa vizuri hadithi iishie hapo, nami nionekane nimekua. Haikuishia hapo. Mkutano wa kumwondoa Mabula uliitishwa, na nilikuwa nimeapa moyoni kwamba nitasimama niseme: mzee amekosa, aondoke, lakini na sisi tuseme tulichomfanyia. Aliyezungumza kabla yangu alimwita mwizi, watu wakapiga makofi na vigelegele. Nikabaki nimekaa. Walipoitwa wanaokubali aondolewe, nikanyoosha mkono pamoja nao. Mama Minza alikuwa upande wa wanawake. Mikono ilikuwa mingi, lakini alinitazama mimi.

Njia ya lambo tuliipata tena baada ya kuhangaika sana wilayani. Mabula alirudi shambani kwake, na hakuwahi kuninyima salamu mpaka alipofariki. Minza hakurudi shule. Hilo nalibeba mwenyewe, wala sikuombi unibebee.

Nakwambia haya leo, mwanangu, kwa sababu nasikia mkutano ujao una ajenda ya posho ya mwenyekiti na wenyeviti wa vitongoji. Nasikia pia vijana mmeshaanza kurushiana utani kwenye simu. Msianze na kicheko. Anzeni kwa kuuliza: kazi hii inachukua siku ngapi za mtu kwa wiki, na siku hizo shamba lake linalimwa na nani? Mkewe au mumewe aulizwe pia, naye asikike. Kisha pangeni kiasi ambacho ushuru wa kijiji unakiweza, kimtoshe mtu kula na kusomesha bila kunyoosha mkono, lakini kisiwe kikubwa mpaka watu wauane kwa ajili ya kiti. Kibandikwe kwenye ukuta wa ofisi, mama muuza nyanya akisome. Na mkishamlipa, mbaneni. Akidai hela ya wino hata mara moja, mtoeni bila huruma, kwa sababu hapo hatakuwa na la kujitetea, na ninyi hamtakuwa na la kuona aibu.

Ukifika pale, utasikia makofi yanakwenda upande mwingine na utatamani kukaa. Simama hivyo hivyo. Sema wewe nilichoshindwa kukisema.

Mungu akupe sauti siku hiyo, mwanangu. Akupe chakula cha jasho lako, nyumba isiyosimama kwa nguvu za mtu asiyelipwa, na macho ya kumtazama kila mama wa kijiji hiki bila kuinamisha kichwa. Wabeja, ahsante kwa kunisikiliza. Nenda kwa amani.