Lenzi Iliyofukizwa Udi

Mama alikuwa anakwenda Ulaya kuishi na dada yangu, nami sikuwa na picha yake hata moja iliyoonyesha uso vizuri. Kwenye simu alikuwa hodari wa kugeuka; ukimlenga unaambulia shavu na pindo la mtandio. Visa ilipotoka nikaingiwa na wahka, nikawa kiguu na njia kati ya nyumbani na kazini kwangu bandarini Kismayu, kichwani sina ila kamera.

Nilikuwa nazo mbili za filamu. Moja ya Kirusi, ya baba, aliyeinunua kwa baharia ujanani mwake. Nyingine ya Kijapani, yangu, ya mtumba wa Mombasa tulikokuwa wakimbizi. Zinafanya kazi namna moja: kidirishani kitu unakiona kimekuwa viwili, unazungusha lenzi mpaka viwili vikae kimoja, ndipo unabonyeza.

Nikazijaribu kwa vitu vile vile: ukuta wa matumbawe, bajaji kituoni, magamba ya samaki changu sokoni. Filamu nilizisafisha mwenyewe chooni, dawa nimezipoza kwa barafu ya wauza samaki, maana joto letu halina simile. Ya Kijapani ilitoa kila gamba peke yake hadi pembeni. Ya Kirusi ilikuwa sawa katikati tu. Pembeni mambo yaliyeyuka, na kila cheupe kilizungukwa na ukungu. Kila mwamba ngozi huvutia kwake, nami nikavutia kwa Mjapani.

Ule ukungu nilijua ulikotoka. Watu walipokuwa wakikimbia vita, baba aliondoka kisiwani Chovai kwa mashua kwenda Ras Kamboni, mpakani, kututafutia njia ya kuvuka, asirudi. Tangu hapo, kila Ijumaa, mama huitoa kamera kashani pamoja na kanzu na kofia ya baba, akavifukiza udi. Hata Mombasa hakuacha. Kioo kimekuwa rangi ya chai nyepesi.

"Mama, lenzi imejaa moshi. Niipanguse?"

"Usiiguse. Mwenyewe akiya asikute vitu vyake vinanuka kasha."

Nilipandwa na hasira. Mwenyewe haji, nilitaka kumwambia, na wewe unalijua hilo, ndiyo maana unakwenda Ulaya.

Asubuhi moja nikamkalisha uani kivulini. Nikaanza na ya Kijapani.

"Nitazame, mama."

"Nakutazama. Fanya hima, kamera ya mchu mwengine yanitia haya."

Sikumsikiliza. Nilishughulika kuunganisha picha mbili za nyusi zake kidirishani ziwe moja, nikihofia kivuli kitahama. Kisha, kwa kumridhisha tu, nikachukua ya Kirusi. Akauweka sawa mtandio.

"Haya. Hiyo naiyua."

Filamu zilipokauka nikazitazama juani. Ya Kijapani ilinasa kila kitu: nyuzi za mtandio, kidoti cha shingoni, mikunjo ya mkono. Macho yalikuwa chini mkekani, kila picha. Ya Kirusi ilikuwa moshi mtupu, sikio limeyeyuka, na katikati ya moshi huo mama alikuwa ameinua kidevu, ananitazama, anatabasamu kwa upande mmoja wa mdomo kama msichana.

Nimekulia mikononi mwake, na tabasamu lile sikuwahi kuliona. Nasema kweli, niliona wivu. Halikuwa langu. Alikuwa akimtazama yule aliyezoea kusimama nyuma ya lenzi ile.

Siku ya safari, gari likimngoja mlangoni, alinitia mkononi ufunguo wa kasha.

"Iyumaa usisahau," akasema, akageuza uso, maana nilikuwa nimeshainua simu.

Sijasahau. Kila Ijumaa nawasha kijiko cha udi, naifukiza kanzu, kofia, kisha kamera. Lenzi inazidi kuwa nyeusi, nami siipangusi.