Msomi wa Miji Asiye na Upande

Mimi shule niliacha darasa la nne, ukame ulipomaliza ngamia wa baba yangu kule Griftu. Tuliobaki hai tukaja Garissa. Sasa binti yangu aliponiambia anaenda chuo kikuu Nairobi kusomea mambo ya miji, nikamwuliza, "Mji nao unasomewa? Si mtu anakaa tu?"

"Hooyo, mama yangu, mvua ikinyesha, maji ya mtaro wa barabarani yanaenda wapi?"

"Chumbani kwangu."

"Basi kuna mtu alitakiwa kusoma, hakusoma."

Aliipenda ile kazi hata wakati wa likizo. Aliniamsha alfajiri tukasimame barabara ya Modogashe kuangalia mbuzi wa soko wanavukia wapi, yeye anachora, mimi napigwa na vumbi. Alinieleza kazi ziko: kaunti wanataka wapangaji miji, mashirika ya kambi za wakimbizi wanataka mtu wa kupanga vibanda na visima, na Nairobi kuna makampuni yanachora mitaa ya matajiri. Yeye alitaka kaunti. Alitaka hapa hapa.

Alipomaliza chuo tukamwoza kwa dereva wa lori, kijana wa ukoo mwingine, mtu mzuri, sina neno naye. Mara nafasi ya mpangaji mji ikatokea kwenye kaunti.

Huku kwetu cheti kinakufikisha mlangoni tu. Kazi hugawanywa kwa koo, na lazima wazee wasimame waseme, huyu ni wetu. Asiyesemewa ni kama hakuzaliwa.

Majina ya waliomkataa siandiki, lakini wenyewe wanajijua. Wa kwanza ni adeer yake, ndugu ya marehemu mume wangu, msemaji wa wazee wa upande wa baba. Nilimwandalia chai nikamweleza.

"Shemeji," akasema, "damu ni yetu, lakini tumeshamtoa. Mshahara wake utaliwa nyumba ya nani? Nenda kwa wale."

"Mlipopokea ngamia wa mahari, mliuliza watakunywa maji kwa nani?"

Akaomba aongezewe sukari.

Wa pili ni baba mkwe wake. Huyo alinikaribisha vizuri kabisa. "Mama, huyu msichana tunamheshimu. Pilau yake ya Idi, mashallah, nilirudia sahani. Lakini mtu ni wa baba yake. Kesho akiachana na mtoto wetu, si kazi itahamia kwenu?"

Kwa baba yake ameshaolewa, kwa mume wake ni mgeni. Nilitembea baina ya nyumba hizo mbili mpaka watoto wa mtaani wakanizoea.

Wa tatu ndiye mbaya zaidi, mkubwa wa ofisi. Baada ya usaili alimwambia binti yangu kwa mdomo wake, "Umewashinda wote. Niletee wazee wako tu, tumalize." Alijua hana wa kumsemea. Wale wawili walau wanaamini wanachosema.

Nafasi akapewa mtoto wa adeer, aliyesomea magonjwa ya mifugo. Kijana hana kiburi. Humpigia binti yangu simu, "Walaal, dada yangu, dampo linakaa umbali gani na machinjio?" Na yeye anamjibu, taratibu, kama mwalimu. Nilimwambia mwache aaibike. Akasema watakaougua si yeye, ni watu.

Binti yangu akapata kibarua kambi ya Hagadera, kupima nafasi kati ya vibanda ili moto usiruke. Msaada wa wafadhili ulipopungua, wakaachishwa kazi. Sasa kampuni moja Nairobi imemwita achore nyumba za watu asiowajua, na mume wake amekubali.

Siku ya kuondoka, adeer alikuja amevaa kofia ya Ijumaa. Akamwambia asisahau nyumbani, mji huu unahitaji wasomi wake. Kisha akainua mikono akamwombea dua ndefu, safari njema, riziki ya halali, Mungu amfungulie milango. Binti yangu alikuwa ameinamisha kichwa. Watu wote uani wakaitika amin. Nami nikaitika. Dua ya mtoto wangu, ningekataaje?