Vitasa vya Shemeji kwenye Mlango wa Mama

Shemeji yangu, mume wa dada, ni broka wa dhahabu kule Nyarugusu, na rangi ya dhahabu imemwingia kichwani. Saa yake ya dhahabu, fremu ya miwani ya dhahabu, hata mabomba ya bafuni kwake yana rangi hiyo, ingawa maji yenyewe hutoka yanapojisikia. Kwa hiyo alipofika kwangu Kolandoto na boksi la vitasa vya mkono, vile vya kukandamiza kwenda chini, sikuhitaji kulifungua kujua vina rangi gani.

Aliyevitaka ni mama. Anaishi kwangu tangu vidole vyake vilipokataa kazi. Miaka ya jembe na pamba ilivikunja, vikabaki hivyohivyo, na mlango wa chumba chake ulikuwa na kitasa cha mviringo, laini, cha kuzungusha. Mlango ukifungwa, mama hatoki mpaka apite mtu amfungulie. Basi ulikaa wazi mchana na usiku, umezuiwa kwa tofali, na mama akaishi kama yuko stendi. Wanangu waliingia kuchaji simu. Mimi niliweka gunia la mchele chini ya kitanda chake. Wageni waliokwenda chooni walimsalimia akiwa anavaa, na yeye akaitikia, afanyeje. Siku moja akasema, "Nataka mlango ninaoufunga mwenyewe na kuufungua mwenyewe." Hakuomba kingine. Mshikio wa kukandamiza ungemtosha, kwa sababu kiwiko chake kizima kabisa.

Nilikuwa nimeshapata fundi. Shemeji aliposikia akachukia.

"Fundi wa nini, shemeji, na mimi nipo? Milango yote ya nyumba yangu nimefunga kwa mikono yangu."

Nimelala kwenye nyumba hiyo. Mlango wa chumba cha wageni unafungwa kwa msumari uliopindwa. Lakini dada, aliyekuja naye, alikuwa anamtazama mumewe kwa fahari, nikameza maneno yangu, na maneno yangu hayamezeki kirahisi.

Sisi Wasukuma tuna ukwe, na ukwe hauna mchezo. Mwanamume na mama mkwe wake hawatazamani usoni, hawali pamoja, na wakikutana njiani mmoja anakwepa. Kuchungulia chumba anacholala mama mkwe ni aibu ambayo watu wataisimulia msibani kwako. Mila yenyewe naiheshimu. Nisichoelewa mpaka leo ni kwa nini mtu asiyeruhusiwa hata kuutazama mlango ajitolee kuutengeneza.

Fundi yeyote angeung'oa mlango kwenye bawaba, akaulaza juu ya stuli mbili uani, akafanya kazi yake kwa raha. Shemeji alikataa. Mlango ukitoka, alisema, chumba kitabaki wazi mbele ya macho yake. Akaamua kazi ifanyike mlango ukiwa umefungwa, yeye koridoni, mimi ndani. Na mama? Mama akitoka angekutana naye uso kwa uso, kwa hiyo mama naye abaki ndani. Dada alikuwa ameshaondoka kwenda sokoni Shinyanga mjini, na watoto walikuwa shule. Tukajifungia.

"Mwangaluka, mayu!" shemeji aliita kutoka koridoni, akimwamkia mama kwa heshima zote.

Mama aliitikia akiwa kitandani, kanga imefunika nusu ya uso, ingawa kati yao kulikuwa na ubao mzima wa mninga.

Kazi haikuwa kubwa. Kitasa chenyewe, kile kilichozama ndani ya ubao, kilikuwa kizima. Cha kubadilisha ni mishikio, pamoja na kile chuma chembamba cha pembe nne kinachopita katikati na kuunganisha mshikio wa nje na wa ndani. Akatoa cha zamani, akapenyeza kipya. Upande wangu kikachomoza kupita kiasi.

"Kimezidi kidogo," nikamwambia. "Pima kwa rula ukate."

"Shemeji, mimi dhahabu naiona kiganjani tu nakwambia uzito wake. Nitashindwa na chuma?"

Nikamsikia uani anakata kwa msumeno huku anapiga mluzi. Akarudi, akakirudisha, akafunga mshikio wake, kisha akanisukumia bisibisi na skrubu kwa chini ya mlango. Nikafunga wa kwangu, nikamrudishia bisibisi kwa palepale chini. Ulikaa vizuri, nasema kweli. Uling'aa mpaka mama akatabasamu.

"Jaribu!" akasema shemeji, sauti ya mtu anayesubiri makofi.

Nikakandamiza. Mshikio ukashuka bila kugusa chochote. Nikaupandisha, nikaushusha tena. Jicho lile linalojua uzito wa dhahabu lilikuwa limekikata chuma kikawa kifupi, kinafika mshikio wake na kuishia ndani ya ubao. Upande wa koridoni mlango ungefunguka kama kawaida. Upande wetu, mama alikuwa amepata pambo.

"Haya, kandamiza wa kwako," nikamwambia, "mimi navuta."

Nikavuta, mlango haukusogea.

"Shemeji?"

"Siwezi kumfungulia mama mlango wa chumba chake, na yeye yumo humo."

Sikuamini masikio yangu. Mlango uko mbele yake, mshikio unafanya kazi, mkono anao. Akapendekeza tumsubiri dada. Akampigia, simu haikupokelewa. Akaenda kwa jirani kutafuta mwanamke yeyote wa kuja kukandamiza kitasa. Wanawake wote walikuwa msibani. Dirisha lina nondo. Na mama alikuwa ameshameza dawa yake ya presha, ile inayomkimbiza chooni asubuhi nzima. Nilimwona anavyobana magoti na kutazama ukuta, na hasira ikanipanda. Nilimwita shemeji majina ambayo siwezi kuyaandika hapa. Yeye alijibu kwa adabu kwamba mila ni mila.

Ndipo mama akasimama, akajitanda kanga kichwani.

"Mwambie mkwe ageuke, autazame ukuta," akaniambia.

"Mama anasema ugeuke, utazame ukuta," nikarudia kwa mtu aliyekwisha kusikia kila neno.

"Mwambie nimegeuka."

"Mwambie apeleke mkono nyuma."

Nikasikia vidole vinapapasa ubao, vinatafuta. Kitasa kikalia. Nikavuta, na mlango ukafunguka. Broka wa Nyarugusu alikuwa amebandika paji la uso ukutani, kofia ameivuta mpaka kwenye pua, mkono mmoja umebaki nyuma hewani. Mama akampita polepole, mgongo wima, akaingia chooni. Alipotoka, shemeji alikuwa ameshajifungia kwenye gari lake.

"Mwambie mkwe namshukuru," mama akasema. "Na asirudi na msumeno."

Huko Nyarugusu, nasikia, anasimulia kwamba amemfungia mama mkwe vitasa vya dhahabu kwa mikono yake, na wanaomsikiliza wanamsifu kwa kumpenda mkwe. Wamsifu tu. Mimi siku ileile nilikwenda duka la vifaa vya ujenzi, nikanunua chuma kingine, nikakipima kwa rula ya mwanangu ya shule.

Jioni hiyo mama alikandamiza mshikio kwa kiwiko, akatoka. Akakandamiza tena, akaingia. Alirudia mara kadhaa. Kisha akalitoa tofali kwa mguu, akalisukuma hadi koridoni, akajifungia.

Wakati wa kupika ulipofika, nikaenda kuchukua mchele. Nikashika mshikio, nikasukuma, niingie kama nilivyozoea.

"Nani huyo?" ikauliza sauti kutoka ndani.

"Mimi, mama. Nafuata mchele."

"Hujui kupiga hodi?"

Nikaurudisha mlango. Nikapiga hodi, nyumbani kwangu mwenyewe, nikiwa na sufuria mkononi.

"Subiri," akasema mama.

Nikasubiri koridoni, nimeutazama ukuta.