Shamba la Yezreeli

Dada yangu ameliita shamba lake lililoko Zombe “Yezreeli”, jina alilolisikia kanisani. Ndoa ilipomshinda, marehemu baba alimwonyesha mpaka wa mikonge akamwambia alime. Hakuna kilichoandikwa. Mwaka huu mimi na kaka yetu tulipata mnunuzi. Nilitumwa kutoka Wote kumweleza kwa sababu, kaka alisema, waliosoma ndio hujua kusema.

Nilimkuta akipanda ndengu kwenye udongo mkavu, kama tunavyofanya huku kabla mvua haijaja.

“Profesa! Umekuja shambani na viatu vya harusi?” Mimi si profesa. “Hebu niambie, Yezreeli maana yake nini?”

“Ni bonde lenye rutuba huko Israeli. Kwa Kiebrania ni ‘Mungu hupanda’.”

Alipiga makofi, vumbi likaruka. “Nilijua! Haya, shika mbegu.”

Jibu lilikuwa sahihi, na ndiyo maana liliniuma. Nilijua lililobaki. Huko Yezreeli mfalme alitamani shamba la jirani yake, urithi wa baba zake, na jirani akauawa. Damu zaidi ikamwagika baadaye. Nabii alipoambiwa amwite mwanawe Yezreeli, jina lilikuwa hukumu: kila mara mtoto huyo alipoitwa kula, watu walikumbushwa damu ile. Mbele kidogo tu katika kitabu chake ndipo linapogeuka ahadi, Mungu akiwapanda watu wake tena katika nchi. Mimi nilirukia ahadi. Nilimfuata dada nikifukia mbegu kwa mguu, kwenye ardhi niliyokuja kumnyang'anya.

Mchana alinipakulia isyo, mahindi na maharagwe ya kuchemsha, mara mbili.

“Hukutoka Wote kuja kula isyo,” alisema. “Sema.”

“Nilikuja kukuona.”

“Sawa. Umeniona.”

Ujasiri wangu ulinifikia mjini Kabati, nikiwa njiani kurudi, umechelewa kama kawaida yake. Nilimpigia simu nikamwambia yote: mnunuzi, na ile nusu ya jina niliyomficha.

“Na wewe hapo ni nani?” aliuliza. “Mfalme?”

Akakata simu.

Kwenye hati tuko mimi na kaka tu; bila sahihi yangu shamba haliuziki. Nilimpigia kaka nikamwambia siweki.

“Kwani amekupa nini?”

“Isyo,” nilisema, na hapo nikakumbuka kwamba niliondoka bila hata kumshukuru.