Kengele Iliyonifuata Njia ya Rweya

Baiskeli ya marehemu mume wangu nilikuwa nimeipanda mimi mwenyewe. Lakini kengele yake ilikuwa inalia nyuma yangu.

Krriing. Kimya. Krriing.

Nikageuka. Njia tupu, nyasi tu zinalala na upepo.

Ndugu zangu mnaosoma, mimi sikusimama kuuliza ni nani. Nilitoka nduki.

Siku hizi nawaona vijana wetu wa Muleba wakitoka kazini na baiskeli za gia, wanakata vilima kwa raha zao, eti mazoezi. Mimi vilima hivyo nilivikata mwaka 1988, baiskeli ya chuma, haina gia, breki moja. Ile nyingine ilikuwa ndala yangu.

Nilikuwa nafua mashuka kwenye zahanati moja ya misheni, upande wa Izigo. Saa kumi natoka, napita kwenye migomba ya watu, natokea rweya, ile mbuga ya nyasi iliyo kati ya kijiji na kijiji. Kisha nateremka bondeni kwenye mafunjo, navuka daraja la magogo, nakokota baiskeli mpaka nyumbani.

Wanawake wa kwetu enzi hizo hawakupanda baiskeli. Nikipita, wazee kwenye pombe ya rubisi wananitupia maneno.

"Ma Bernadina, huyo farasi wako anakula nini?"

"Anakula maneno yenu," nawajibu, nakanyaga.

Mume wangu, Buberwa, alikuwa amezama ziwani akipeleka ndizi kisiwani Bumbire. Vita vya Amini alirudi mzima, ziwa likamchukua. Aliniacha na watoto wawili, na kibanja, yaani shamba letu la migomba na kahawa.

Sasa sikilizeni mila ilivyokuwa. Kibanja ni cha ukoo. Watoto ni wa ukoo. Na mjane naye anapangiwa. Jumapili ya kuondoa matanga ningekabidhiwa kwa mdogo wa marehemu, Lwakatare. Nikikubali, nabaki. Nikikataa, narudi kwetu mikono mitupu, wanangu nawaacha.

Na mimi Lwakatare sikumtaka. Alikuwa mtu wa magendo ya mpakani, haonekani miezi, akirudi amenuna.

Nilipofika nyumbani siku ile, nimelowa jasho, ndipo akili ikanirudia. Buberwa na Lwakatare walinunua baiskeli zao siku moja, duka moja pale Bukoba mjini. Kengele mlio mmoja.

Basi si mzimu. Ni shemeji.

Hapo ndipo hofu ikazidi. Mzimu ungenitaka nini? Lakini mwanaume anayemvizia mjane njiani siku nne kabla ya Jumapili, kila mwanamke wa kwetu alijua anataka nini. Akishakukamata huko nyasini, Jumapili unakataa nini tena? Mambo yamekwisha.

Kesho yake nilimwambia Eufrazia, mwenzangu wa kufua.

"Pita barabara kubwa," akasema.

"Barabara kubwa nafika usiku. Watoto wananisubiri mimi."

"Basi beba mundu."

Nikaazima wa pale zahanati. Nikaufunga kwenye kitenge, nikauweka kwenye keria.

Siku ya pili kengele ikalia tena. Nikasimama, naye akasimama, mbali, nusu mtu nusu nyasi. Nikipanda, anapanda. Hakuita, hakusema kitu. Usiku ule sikulala, na kumshtaki siwezi, maana mama mkwe na jamaa walikuwa wameshafika kwa matanga, wamejaa ndani mpaka mlangoni. Ningesema nini? Kwamba mume niliyechaguliwa ananifuata?

Siku ya tatu mvua ilikuwa imenyesha mchana. Nateremka bondeni, nasikia krriing, karibu kabisa. Nikakanyaga kwa nguvu. Breki ikakatika. Nikashusha ndala kwenye tairi, ndala ikachomoka. Mti wa daraja nikauona unakuja, halafu sikuona kitu.

Nilipoinua kichwa nilikuwa kwenye tope, goti linavuja damu. Mundu umeruka huko kwenye mafunjo.

Lwakatare amesimama juu yangu.

"Shemeji, mbona unanikimbia? Mimi sina pumzi."

"Ukinigusa napiga kelele."

"Piga. Atakusikia nani huku, vyura?"

Nikasema basi, leo ndiyo leo.

Lakini hakunisogelea. Alikaa chini, kwenye gogo, akihema kama mzee.

"Siku tatu nakufuata niseme, nikikaribia mdomo unakataa," akasema. "Jumapili wakikuuliza, sema hapana. Habari ya watoto niachie mimi."

Nikadhani ananitega. "Kwa nini usikatae wewe? Wewe ndiye mwanaume."

"Nikimkataa mjane wa kaka yangu, tena mwenye kibanja, watauliza sababu. Wataniangalia vizuri. Watajua."

"Watajua nini?"

Akafungua vifungo vya shati. Mkanda wa jeshi ulikuwa umemzunguka mbavu, malengelenge juu ya malengelenge. Mimi nafua mashuka ya wagonjwa. Ugonjwa ule wa ukimwi, sisi tuliouita Juliana, sikuhitaji kuelezwa.

"Nimepimwa damu," akasema. "Nikikuchukua, nakuua. Wale watoto wa kaka watabaki na nani?"

Alininyanyulia baiskeli, akanyoosha usukani, akaondoka kwa miguu, yake anaikokota.

Jumapili ikafika. Ta Gamaliel, mkubwa wa ukoo, akaniuliza mbele ya watu wote.

"Nashukuru, waitu, wakubwa zangu," nikasema. "Lakini sikubali."

Nyumba ikavuma.

"Basi funga mizigo yako leo," Ta Gamaliel akasema. "Watoto utawaacha."

Nikamtazama Lwakatare. Anatazama miguu yake. Nikajua ameniuza. Mwanangu mdogo alikuwa ameshika kitenge changu.

Ndipo akainuka, akatema mate.

"Hata mimi simtaki. Mwanamke wa kupanda baiskeli kama polisi, nimweke ndani ili iweje? Mwacheni hapo hapo kibanjani, awalee watoto wa kaka, alime migomba mpaka mgongo ukatike. Hiyo ndiyo adhabu yake. Mrithi ni mimi, nimesema."

Watu wakacheka mpaka wakashika mbavu. Ta Gamaliel naye akacheka. Ikapita.

Nilitukanwa mbele ya ukoo mzima, na lile tusi ndilo lililoniachia wanangu.

Mwaka uliofuata aliletwa zahanati kwetu amebebwa. Mashuka yake niliyafua mimi, sikumwachia mtu. Alipoweza kuongea aliniuliza kama migomba imezaa. Nikamwambia imezaa.

Wajukuu, kuna watu watakuokoa kwa sauti ya upole, utawashukuru palepale. Wengine wataokoa maisha yako huku wamekunja uso, na hutapata nafasi ya kuwashukuru mbele za watu. Mimi wangu nilimkimbia siku tatu.

Leo nimesema mbele za watu. Asante, shemeji.